Muulize Bibi: Ba hawezi kusema, lakini anaimba

Toleo lililopita nilieleza upishi wa wali wa pojo, na katikati nikaponyokwa na sentensi moja: kwamba mamangu alikuwa akichambua mchele huku akilitaja jina la Ram, mungu wetu sisi Wahindu, punje na jina, punje na jina, mpaka ungo umekwisha. Barua za wali zilizokuja ni mbili. Za jina la Ram zimejaa mkoba. Mhariri ameniongezea kurasa akaniambia nijibu, nami nimemkumbusha kuwa mimi si pandit, mwanachuoni wa dini yetu. Mimi ni mjane wa Makadara niliyeuza leso Biashara Street miaka arubaini, na haya ninayoyajua nimeyapata kwa kukaa mkekani na wanawake wanaoimba. Mwenye kutaka hukumu za vitabu azitafute kwa wenyewe.

*

*Shikamoo Bibi. Nina miaka 34, nakaa Kisauni. Huu ni mwaka wa sita namtunza mama mmoja wa Kigujarati huko Tudor. Nyumba nzima tunamwita Ba. Mwezi wa nne alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelala na maneno yamempotea, akitaka maji husema "hii, hii" mpaka analia. Lakini alfajiri nikimfungulia dirisha, anaimba. Wimbo mzima wa dini yao, hakosi neno. Akimaliza nikimuuliza kama atakunywa chai, hawezi kunijibu. Mbona yuko hivyo? Binti yake aliye Leicester amesema nimpe shanga zake za kuombea, ila dadake Ba anasema mkono wa kushoto ni haramu, na wa kulia ndio huo umekufa. Tena wameniomba nimwanzishie wimbo siku akisahau mwanzo. Mimi ni Muislamu. Nikimwanzishia nitakuwa nimeabudu? Naogopa kuuliza watu wasije wakanicheka. — Mtunzaji, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Hapo hapana cha kuchekwa.

Nianze na kuimba, kwa kuwa mtaani hapakosi mtu aliyekwisha kukunong'oneza kuwa Ba ana pepo. Hana. Kwa watu wengi, kazi ya kusema hufanywa na upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo huo ndio unaouendesha mkono wa kulia. Kiharusi kikipiga hapo, mkono na maneno huondoka pamoja. Madaktari huiita afasia. Wimbo haukai chumba kimoja na mazungumzo. Upande wa kulia nao una fungu lake katika mahadhi. Na maneno yaliyorudiwa umri mzima, dua, maamkizi, kuhesabu moja mpaka kumi, hata matusi, hutoka yenyewe pale ambapo neno la kutafuta limegoma. Kwa hiyo Ba akiimba haigizi, na akishindwa kukwambia chai hakufanyii kiburi.

Tangu mwaka 1973 kuna tiba iliyoanzia Boston, Marekani, ya kumfundisha mgonjwa kama huyu aliimbe neno kabla ya kulisema, huku akigongewa mapigo kwa mkono wa kushoto. Mwulize daktari wake kama hospitalini kuna mtaalamu wa matamshi. Wakati unangoja miadi, jaribu mwenyewe: shika mkono wake mzima, gonga polepole juu ya godoro, umwimbie "Ba, chaa pisho?" kwa mahadhi ya wimbo wake. Hiyo ni "Ba, utakunywa chai?" kwa Kigujarati. Huenda akakurudishia "chaa". Huenda asirudishe. Usimwahidi binti wa Leicester lolote.

Wimbo wenyewe, kama ni wa alfajiri na Ba ni wa Gujarat, nadhani ni katika zile tunazoziita prabhatiya, nyimbo za kumwamsha Mungu na mwenye kuimba pamoja. Nyingi husemekana ni za Narsinh Mehta, mshairi wa Junagadh wa karne ya 15. Nimezikuta kwetu. Tulikaa orofani, duka chini, na msikiti upo hatua chache. Bibi yangu alikuwa macho kabla ya adhana, amekwisha kuoga maji baridi hata wakati wa kusi, amekaa kitako mbele ya taa ya samli. Lakini haanzi. Hungoja muadhini amalize, akanyamaza kidogo tena, ndipo akatoa sauti. Nikamuuliza kama ni sheria. Akasema, "Watu wawili hawazungumzi kwa pamoja." Miaka mingi nimeisikia Mombasa ikiamka kwa sauti hizo mbili zikipokezana, nikafikiri ndivyo miji yote inavyoamka.

Na huyo Narsinh, nikusimulie, maana kisa chake kinakuhusu. Alikuwa Brahmani, tabaka la makuhani, wa ukoo wa Nagar, watu wenye kujiona. Siku moja watu wa tabaka lililokuwa haliguswi walimwomba aje kuwaimbia nyumbani kwao. Akaenda, akakesha nao mpaka kukacha. Nagar wenzake wakamtenga. Basi ukikaa katika chumba cha Ba ukisikiliza, mwanangu, usijihesabu mgeni aliyeingia pasipo pake. Nyimbo hizo tangu asili zimeimbwa kwa watu ambao wengine walisema hawafai kuzisikia.

Sasa shanga. Jina lake ni mala. Mtu wa dini yako ataiona kama tasbihi, ila yetu ina shanga 108, na moja ya ziada, kubwa, inayoitwa meru. Ya Ba bila shaka ni ya mti wa tulasi, ndugu yake rehani na kivumbasi. Desturi ni mkono wa kulia, ushanga unasukumwa kwa kidole gumba juu ya kidole cha kati. Kidole cha shahada hakigusi. Ukiona mfuko wa kitambaa wenye tundu pembeni, tundu hilo ni la kukitoa nje kidole hicho. Mfuko huitwa gomukhi, mdomo wa ng'ombe. Ukifika kwenye meru huipiti, unageuza mala na kurudi ulikotoka. Haiwekwi sakafuni wala upande wa miguu. Uzi ukikatika, okota zote, uhesabu.

Dadake Ba hajasema uongo. Kwetu kama kwenu, mkono wa kushoto una kazi zake, na mala si mojawapo. Lakini amesahau jambo. Kutaja jina, ambako tunakuita japa, kuna daraja tatu: ya kusikika, ya kunong'ona, na ya moyoni, midomo imefumbwa. Kitabu cha kale cha Manu kimezipima: ya kusikika imeipita ibada ya matoleo mara 10, ya kunong'ona mara 100, ya moyoni mara 1,000. Mwambie dadake hivyo, kwa adabu, umletee na chai. Kwa hesabu ya Manu, mgonjwa aliyelala kimya amemshinda yeye anayesoma kwa sauti sebuleni.

Mama mkwe wangu naye alilala upande mmoja. Tulichofanya ni hivi: tuliiweka mala katika kiganja cha kulia kilichokufa, kisha yeye mwenyewe akavifumba vidole vyake kwa mkono wa kushoto. Ikakaa hapo. Hakusukuma hata ushanga mmoja miezi saba, na kila tulipoitoa ili tumwogeshe aligeuza uso kuitafuta.

Kuhusu kuabudu, hilo si langu kukuhukumia. Mweleze sheikh wako kama ulivyonieleza mimi, na usimpunguzie wala usimwongezee. La upande wetu naweza kukwambia: hakuna Mhindu atakayekuhesabu Mhindu kwa kumsaidia mgonjwa wimbo. Tena huna haja ya kutamka jina lolote. Vuma mahadhi tu, midomo umefumba. Mwenye wimbo atautambua kwa noti tatu. Na lililo bora kuliko yote, yule binti arekodi mstari wa kwanza kwa sauti yake mwenyewe, akutumie kwenye simu. Saa kumi na mbili asubuhi hapa, kule Leicester ni saa tisa au saa kumi ya usiku, kwa hiyo asiseme atapiga mwenyewe kila siku, hatapiga. Sauti iliyorekodiwa haina usingizi. Wewe bonyeza, fungua dirisha, shika mkono wa kushoto.

*

*Bibi, kuna mtu hapa karibu na feri anauza karatasi yenye mantra ya Kihindi ya Lakshmi, shilingi 3,500. Unaisoma mara 108 kwa siku 11, pesa zinaingia kwenye simu. Nimeshalipa nusu. Nimalizie? — Kijana wa Likoni*

Usimalizie. Na hiyo nusu iage.

Ninyi mlitutungia methali, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Sasa naona kiatu hakitoshi, mmefika kwenye mantra. Lakshmi, mungu wetu wa kike wa mali, tunamwita, ni kweli, kila Diwali, dukani, mchana kweupe, daftari za hesabu zimefunguliwa mbele yake. Babangu alimwita miaka thelathini, na bado aliuza leso kwa mkopo na wengine hawakulipa. Mantra ya siri ipo pia, ile ambayo mwalimu humnong'oneza mwanafunzi sikioni. Hiyo mwanafunzi hutoa alichonacho, hata tunda, kwa shukrani. Haipigwi chapa ikauzwa penye foleni ya feri.

*

*Bibi, nina miaka 19, naishi Nyali. Mamangu hufanya mizunguko 16 ya Hare Krishna kila siku kabla ya staftahi. Mimi nilipakua programu ya simu ya kuhesabia nikadumu siku tatu. Kisanskriti sikijui, Kigujarati changu ni cha kumwomba nyanya pesa. Nikiyataja maneno hayo najiona kasuku. Si unafiki huo? — Kasuku*

Mjukuu wangu, mjomba wangu alikuwa na kasuku kweli. Alijua maneno mawili, "Sitaram" na "funga mlango", na aliyasema kwa imani sawasawa. Hakuna aliyemwita mnafiki. Mnafiki ni anayejua anachokisema na akasema kinyume chake. Wewe hujui, na umekiri.

Tuanze na hesabu, maana naona ndiyo iliyokutisha. Mizunguko 16 ya shanga 108 ni mara 1,728. Kila mara moja ina majina 16, jumla majina 27,648. Kwa aliyezoea ni kama saa mbili za kazi. Hicho ni kiwango walichowekewa wafuasi waliokula kiapo katika jumuiya ya Hare Krishna, ile iliyoanzishwa New York mwaka 1966 na Bhaktivedanta Swami Prabhupada, mzee aliyefika huko kwa meli ya mizigo akiwa na umri wa miaka 69. Mamako amekula kiapo. Wewe umepakua programu. Mbona ujipime kwa kibaba chake? Fanya mzunguko mmoja. Hata huo ni dakika saba au nane. Hufiki nao daraja la Nyali asubuhi ya foleni.

Kisanskriti unachohitaji ni maneno matatu. Hare, Krishna, Rama. Mantra yote ni hayo matatu yakipangwa na kupanguliwa, na yote ni majina matakatifu ya kuita, kama mtu asemavyo "ewe fulani". Hayaombi kitu. Hayaelezi kitu. Mtoto akiita "mama, mama" gizani, hana sentensi, na mama huja.

Kuna kisa ambacho kwa Kiswahili kina ladha kuliko hata kwetu. Valmiki, yule anayehesabiwa mtunzi wa Ramayana, utenzi wa kisa cha Ram, hadithi za watu zinasema alikuwa mnyang'anyi wa njiani. Akakutana na mtakatifu Narada, akaambiwa ataje jina la Ram. Ulimi ukakataa, wengine husema dhambi zilikuwa nyingi mno jina halikupita. Narada akamwambia, basi sema "mara". Kwa lugha yao "mara" ni "kufa", neno alilolizoea kwa kazi yake. Akakaa chini ya mti akasema mara, mara, mara, mpaka kichuguu kikamfunika. Na wewe sema, hapo ulipo, upesi upesi: mara mara mara mara. Unasikia kinachotoka? Nilipokuwa mdogo nilidhani kisa hiki kilitungwa Mombasa, kwa sababu kwangu "mara" lilikuwa neno la kuhesabia. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu, na Ram yumo ndani anangoja.

Basi usiseme hujui maana. Valmiki alianza na neno la kuua.

Kuhusu programu sina ugomvi nayo, ila nitakwambia kasoro yake. Kidole kikizoea kubonyeza, hubonyeza hata ukiwa unawaza mpira. Ushanga una ugumu wake, unateleza, una joto la mkono, na ile meru ikifika inakugutusha. Mimi mwenyewe nimefanya japa miaka mingi huku sikio moja likiwa jikoni, kusikiliza kama maziwa yamefurika. Nimejua kuyaepua bila kukatisha jina. Pandit mmoja aliniambia hiyo si japa ni mapishi. Sikumjibu, lakini mpaka leo nadhani alikosea: mamangu hakupata siku moja ya kukaa bila kazi mikononi, na kama jina lisingeingia kwenye ungo wa mchele lisingeingia nyumbani.

Kama kinywa chako hakitaki, andika. Hiyo nayo ni japa, ya maandishi, inaitwa likhita. Babangu hakuwa mwimbaji, alikuwa na sauti ya bawaba. Yeye alikuwa na daftari la shule la kurasa 96, na jioni akishafunga duka aliandika Ram, Ram, Ram, kwa wino mwekundu, mistari imejaa mpaka ukingoni. Mkono huo huo ulioandika "leso doti 12, deni". Na mwaka mpya wa biashara ulipoingia, ukurasa wa kwanza wa daftari la hesabu aliuanza kwa Shri moja juu, mbili chini yake, tatu chini ya hizo, mpaka zikawa kama kilima. Nilikuwa nikizihesabu huku nikingoja peremende.

Au nenda ukaimbe na wengine. Kuna watu wasioweza kukaa na shanga hata kidogo, na wakiingia kwenye kirtani, ile ya mmoja kuanzisha na wote kuitikia, huwezi kuwatoa. Chaitanya wa Bengal, aliyezaliwa mwaka 1486, ndiye aliyeitoa kirtani mabarabarani kwa ngoma na matoazi, na majirani walimlalamikia kwa kelele kama mnavyolalamikiana nyinyi leo kwenye maghorofa. Katika kundi hakuna anayemsikia kasuku.

*

*Salaam aleikum, Bi. Mkubwa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kibokoni. Sisi tuna dhikiri na nyiradi, na nyinyi Wahindi mna bhajani. Je, si jambo moja? Na lini mlianza kuziimba hapa pwani? Mwanafunzi wangu wa zamani amenialika kwao usiku wa bhajani. Nikienda nikae vipi nisivunje adabu? — Mwalimu*

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Kwanza nikusahihishe kwa ruhusa yako, maana mwalimu naye husahihishwa: "nyinyi Wahindi" wengi wetu mjini hapa ni Waislamu kama wewe, Mabohora, Maismailia, Mamemoni. Sema Wahindu. Au Mabaniani, mimi sikasiriki.

Jambo moja? Sidhani. Zinafanana kinywani. Kurudia, kuhesabu, hata kuhesabia pingili za vidole pasipo na shanga, sote tunafanya. Nyinyi mna majina 99. Sisi katika Mahabharata, utenzi wetu wa kale, kuna orodha ya majina elfu moja ya mungu Vishnu, na bibi yangu aliisoma yote bila kitabu. Lakini wewe unamtaja Mmoja asiye na umbo, na mwanafunzi wako ataimba mbele ya sanamu aliyoivika nguo asubuhi na kuipa chakula. Tukisema ni kitu kimoja tutakuwa tunadanganyana kwa ajili ya ujirani, na ujirani wetu haukuhitaji uongo siku zote hizi. Na hata sisi wenyewe hatuko sawa: watu wa Arya Samaj, iliyoanzishwa Bombay mwaka 1875, hawataki sanamu kabisa, wao huwasha moto wakasoma Veda, vitabu vyetu vya kale kabisa, na mantra yao ya Gayatri, ya Rigveda, yenye silabi 24, ndiyo kila kitu. Usiwaalike meza moja na shangazi yangu.

Majina pia yasikuchanganye. Japa ni ya mtu na nafsi yake. Bhajani ni wimbo wenye beti na mtunzi, na mara nyingi mtunzi amejitaja ubeti wa mwisho kama washairi wenu wa zamani walivyofanya. Dhuni ni jina moja tu au mawili yakizungushwa, yanaanza taratibu kisha mbio kisha yanaanguka ghafla. Arati ni ile ya mwisho, taa ikizungushwa, watu wote wamesimama. Utasikia kinanda cha mvukuto, kile kile cha taarab. Hicho kililetwa India na Wazungu karne ya 19, na radio ya taifa ya India ilikipiga marufuku mwaka 1940, ati sauti yake si ya Kihindi. Marufuku yalidumu miaka 31. Wenye bhajani walikuwa hawana habari, wakaendelea kukipuliza. Na mahadhi mengine, Mwalimu, utafikiri umeyasikia kwa Juma Bhalo wa taarab. Usishangae. Yeye alichota katika filamu za Kihindi, na filamu zilichota mahekaluni.

Uliuliza ni tangu lini. Watu hukimbilia reli, ile ya mwaka 1896 hadi 1901 iliyoleta vibarua kama 32,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao, na nyimbo zilikuwa zimekwisha kufika zamani. Mwezi wa Aprili mwaka 1498, Vasco da Gama alipotoka Mombasa kwa uhasama akatia nanga Malindi, alikuta huko meli nne za wafanyabiashara wa India. Wareno walioandika habari za safari ile wanasema Wahindi wale walimpungia mikono wakipaza sauti "Kristo! Kristo!" Wakafurahi, wakawaandika kuwa ni Wakristo. Na papo hapo wameandika kwamba watu hao walisema hawali nyama ya ng'ombe. Wakristo gani hao? Wasomi wengi wanaona walichokisikia ni "Krishna! Krishna!" Basi miaka zaidi ya mia tano iliyopita, kwenye maji ya Malindi, watu wa kwetu walikuwa wakilitaja jina kwa sauti, na Wazungu waliolisikia wakaliandika visivyo.

Ukienda kwa mwanafunzi wako, viatu vivue mlangoni na uvitazame vizuri ulivyoviweka, kwa kuwa vyote ni vyeusi na vinafanana. Usinyooshe miguu kuelekea mbele, penye taa. Kama ni kwenye hekalu la madhehebu ya Swaminarayan utaona wanaume na wanawake wamekaa mbali mbali, hilo halitakushangaza. Kuitikia si lazima, kupiga makofi kunatosha, na ukikosa mapigo hakuna atakayegeuka. Arati ikianza wote watasimama. Simama nao kwa heshima ya mwenyeji, au baki umekaa ukisingizia magoti, mzee huruhusiwa. Taa ikipitishwa watu huelekeza viganja juu ya moto kisha usoni. Wewe ipishe tu.

Mwisho utaletewa kitu mkononi, sukari ya mawe, au nazi, au ndizi. Hiyo ni prasadi, imekwisha kutolewa mbele ya sanamu, kwa hiyo nakwambia mapema ujue la kufanya. Ukiona huwezi kuila, mwambie mwenyeji wako faraghani kabla ya bhajani kuanza, naye atakukalisha mahali sahani isipofika. Ukiipokea, ipokee kwa mkono wa kulia, uile hapo hapo. Usiitie mfukoni kwa haya. Sisimizi watakuandama mpaka Kibokoni.